MKULIMA NA MASHINE ZAKE: Trekta Kuukuu Katika Miteremko ya Sigowet

Katika nchi ya Sigowet, kama ilivyo kote Kericho na Bomet, shamba la chai halilimwi kwa trekta. Mchai ukiisha kupandwa hukaa mahali pake miaka mingi, na nafasi iliyo baina ya mistari humtosha mchumaji na kikapu chake tu. Walakini mwenye ekari chache za chai huwa pia na mahindi, na nyasi za ng'ombe, na kuni za kuleta nyumbani. Na yule anayekaa upande wa Soin huenda ana miwa. Kwa kazi hizo trekta dogo lina manufaa makubwa. Na kwa kuwa jipya halinunuliki kwa bonasi ya mwaka mmoja, macho ya wengi huelekea lile kuukuu lililosimama chini ya mti nyuma ya nyumba ya jirani.

Mengi ya matrekta hayo ni ya ukoo mmoja. Harry Ferguson, fundi wa Ayalandi, ndiye aliyevumbua namna ya kushika plau kwa mikono mitatu, miwili chini na mmoja juu, inayoinuliwa kwa nguvu ya mafuta. Trekta lake la kijivu, TE20, lilitengenezwa Coventry, Uingereza, tangu 1946 hadi 1956, na idadi yake ilizidi 500,000. Mwaka 1953 kampuni yake iliungana na Massey-Harris ya Kanada. Baadaye likatokea Massey Ferguson 35 jekundu, na mwaka 1964 likafuata 135. Mwishoni mwa 1959 lile 35 lilianza kutiwa injini ya dizeli ya Perkins yenye silinda tatu, na hiyo ndiyo iliyoyapa matrekta haya maisha marefu. Injini ya dizeli ya silinda nne iliyotangulia ilijulikana kwa ugumu wa kuwaka asubuhi ya baridi. Mnunuzi na ahesabu silinda kabla ya kuhesabu fedha. Vipuri vya ile ya silinda tatu havijawa adimu, maana viwanda vya TAFE nchini India na Millat nchini Pakistan viliendelea kutengeneza matrekta ya ukoo huu miaka mingi baada ya mtindo huo kuachwa Uingereza.

Anayekwenda kutazama trekta la kununua yafaa afike asubuhi na mapema, kisha aweke mkono juu ya injini. Ikiwa ina joto, mwenyewe amekwisha kuiwasha ili mgeni asione taabu yake. Moshi nao husema mengi: ule wa buluu usiokoma ni mafuta ya injini yanayoungua ndani ya silinda, na ule mweusi mzito ni hewa isiyotosha au dizeli iliyozidi. Rangi mpya haisemi kitu. Wako watu wanaotumia fedha nyingi kwa rangi nyekundu huku mafuta ya injini hayajabadilishwa tangu mvua za mwaka juzi.

Trekta la namna hii haliuawi na umri. Huuawa na uchafu, na njia za uchafu ni tatu: hewa, dizeli na mafuta. Hewa huingia kwa kupitia bakuli lenye mafuta lililo chini ya chujio, nalo hukamata vumbi. Mwezi wa Januari na Februari, watu wanapolima kungojea mvua za masika, bakuli hilo lafaa kufunguliwa kila siku ya kazi. Tope likionekana chini yake, limwagwe, bakuli lioshwe kwa dizeli, kisha litiwe mafuta mapya ya injini mpaka kwenye alama, yasizidi. Kazi hiyo haimalizi robo saa. Aiachaye atakuja kununua pete za pistoni na silinda mpya, na gharama yake si ya mchezo.

Kuhusu dizeli, ni vema tangi lijazwe jioni baada ya kazi. Usiku wa Kericho ni baridi. Tangi lililo nusu tupu hufanya umande ndani, na maji hayo hushuka mpaka kwenye pampu. Dizeli iliyonunuliwa kwa mtungi isimiminwe kabla haijatulia na kuchujwa. Saa ya kupimia kazi ya injini mara nyingi imekufa zamani katika matrekta haya. Basi daftari la shule latosha, kuandikwa saa zilizofanywa kazi kila siku na tarehe ya kubadilisha mafuta na chujio. Karani atalipenda daftari hilo, na mkulima atalishukuru.

Siku moja tangi litakauka katikati ya shamba. Dizeli itatiwa, lakini injini haitawaka, maana hewa imeingia katika mabomba. Hapa ndipo wengi hulivuta trekta kwa kamba kutwa nzima, au hulisukuma mteremkoni mpaka betri na watu wote wachoke. Dawa yake ni spana na subira. Kwanza vifutwe vizuri pampu na chujio, vumbi lisiingie. Kisha skrubu iliyo juu ya chujio ilegezwe kidogo, na mkono mdogo wa pampu ya kuvutia dizeli upigwe kwa kidole mpaka dizeli itoke bila mapovu, skrubu ikazwe. Ikiwa mkono huo hauna nguvu, injini izungushwe kidogo, maana huenda imesimama mahali panapoubana. Vivyo hivyo ifanywe kwa skrubu zilizo katika pampu kubwa, moja baada ya nyingine. Mwisho nati za mabomba zilegezwe mahali zinapoingia katika nozeli, injini izungushwe kwa stata mpaka dizeli ichuruzike, zikazwe. Injini itawaka kwa kukohoa, kisha itatulia.

Walakini mkono usiwekwe kamwe mbele ya nozeli inayopuliza. Dizeli hiyo hutoka kwa nguvu ya kupenya ngozi, na tundu lake huonekana kama la mwiba. Aliyepigwa hivyo apelekwe hospitali saa ile ile, hata kama hasikii maumivu.

Jambo jingine ni mvua. Katika matrekta haya mafuta ya giabox, ya ekseli ya nyuma na ya mikono inayoinua plau ni yale yale, takriban lita 30 katika nyumba moja. Mpira unaofunika shina la mkono wa gia ukipasuka, maji ya mvua huteremka humo, na mafuta hugeuka rangi ya maziwa. Plau huinuka kwa kusitasita, na watu husema pampu imekufa. Trekta na liachwe bila kutikiswa usiku kucha. Asubuhi nati ya chini ilegezwe polepole, na mara nyingi maji hutangulia kutoka. Yakiwa yamekwisha kuchanganyika na mafuta, hapana budi kuyamwaga yote. Lita 30 ni fedha nyingi, na kipande cha mpira ni fedha kidogo.

Yaliyotajwa hadi hapa yakipuuzwa, hasara ni ya mfuko. Breki ni habari nyingine. Ardhi ya Sigowet ni miteremko, na barabara inayoteremka kuelekea Sondu haimsamehe dereva aliyezoea tambarare. Massey Ferguson 135 lina kanyagio mbili za breki, moja kwa kila gurudumu la nyuma, ili mlimaji apate kugeuka upesi mwisho wa mfereji. Barabarani sharti zifungwe pamoja kwa kile kipande cha chuma kilichowekwa kwa kazi hiyo. Dereva akikanyaga moja tu huku tela limejaa mahindi nyuma yake, trekta litageuka ghafula kama ng'ombe aliyevutwa pembe. Na kushuka mlima kuwe kwa gia ya chini iliyotiwa kabla mteremko haujaanza. Anayetoa gia ili apunguze dizeli amekwisha kujitoa mikononi mwa breki za miaka 60.

Matrekta hayo yalitengenezwa bila fremu ya kumlinda dereva likipinduka. Sweden iliweka sheria ya kuwa nazo matrekta mapya mwaka 1959, na Uingereza mwaka 1970. Kwa hiyo fundi wa kuchomelea asiyejua vipimo vya fremu hizo asijaribu kubuni yake. Mwenye trekta bora apanue nafasi ya magurudumu, maana ya mbele na ya nyuma husogezwa nje kwa hatua za inchi 4, na trekta pana halipinduki upesi kwa ubavu. Kisiki nacho kivutwe kwa mnyororo uliofungwa chini, mahali pa kuvutia mizigo, usifungwe kwenye ekseli wala kwenye mkono wa juu. Ukifungwa juu, magurudumu ya mbele huinuka, na trekta humwangukia dereva kabla hajapata kukanyaga klachi. Watoto wasipande juu ya matope-gadi, hata kama wamelia.

Tena uko mtindo wa kuwasha trekta kwa kugusisha spana katika stata, mtu akiwa amesimama chini kando ya gurudumu kubwa. Trekta lilifanyiwa swichi isiyoruhusu kuwaka mpaka mkono wa gia uwe mahali pake pa kuwashia. Spana huipita swichi hiyo. Gia ikiwa imesahauliwa ndani, trekta huwaka likitembea, na gurudumu la nyuma liko hapo hapo aliposimama mtu. Swichi ikiharibika, itengenezwe kabla ya kazi nyingine yoyote.

Hali kadhalika mashine ya kukatia nyasi za ng'ombe: mhimili wa nyuma unaoizungusha huenda mara 540 kwa dakika moja, yaani mara 9 kwa sekunde. Shuka, kanga au koti lisilofungwa vifungo likinaswa, hakuna mkono wa kulivuta upesi kiasi hicho. Bomba la kuufunika lisitolewe.

Ziko kazi ambazo hazifai kufanywa nyumbani. Pampu ya kusukumia dizeli isifunguliwe. Ipelekwe mjini kwa fundi mwenye mashine ya kuipimia. Kubadilisha sahani za klachi kwataka trekta lipasuliwe katikati, kwa sababu halina fremu chini yake: injini na giabox ndizo uti wa mgongo. Jeki moja na mawe mawili havitoshi. Pande zote mbili ziegemezwe juu ya magogo imara kwenye sakafu sawa, na kabari za mbao ziwekwe kati ya injini na ekseli ya mbele, pande zote mbili, injini isije ikalala ubavu mara nati ya mwisho inapotoka.