Gari ya zamani inazima: kompyuta ya motere njo yenye kosa?

Magari mengi ya Bunia ni okazi toka Japani, yenye kupitia Uganda. Moja ikianza kuzima ovyo, haraka tunashitaki kompyuta ya motere. Lakini kuagiza ingine soko la Kisekka, Kampala, ni pesa na siku. Na gari yenye kuzima kwenye RN27, barabara ya Mahagi yenye imeshambuliwa mara nyingi, inaweka abiria hatarini.

Tuanze na vya bei ndogo: batri, fiuzi, na masi, ule waya unaofunga batri kwenye bodi. Vumbi na maji ya mvua vinaharibu viungo vya waya. Kama yote iko sawa, ndipo boksi ifunguliwe. Katika kompyuta nyingi za miaka ya 1990, kondensateri zinavuja, na maji yake yanakula njia za shaba. Fundi redio anaweza kuzibadilisha kwa zenye kipimo kilekile. Ikishindikana, tafuta boksi yenye namba ileile.

Kwa hiyo shida si piyesi tu. Makanika na fundi redio tunao hapa mjini. Wafanye kazi kwenye meza moja.