Vitabu Visifungwe Kabatini Shule Zinapofungwa

Mtoto wa Matema anayemaliza mtihani wa darasa la saba mwezi Septemba hurudi nyumbani na kalamu yake tu. Vitabu alivyovisoma ni mali ya shule, navyo hukusanywa na kufungiwa kabatini. Tangu siku hiyo hadi aingie kidato cha kwanza mwezi Januari hupita miezi mitatu na ushei, na katika muda huo hushika kasia, huanika usipa, husaidia kupasua kakao au kutayarisha mashamba ya mpunga. Kazi hizo ni za heshima, na mzazi wa Kyela hastahili kulaumiwa kwa kumfundisha mwanawe kazi. Lakini ifikapo Januari mtoto huyo huyo, aliyesoma kwa Kiswahili miaka yote ya shule ya msingi ya serikali, huwekewa mbele yake kitabu cha Bayolojia cha Kiingereza, hali hajafungua ukurasa hata mmoja tangu Septemba. Mwalimu wa sekondari anayempokea analijua vema tatizo hili.

Wapo wanaosema kwamba dawa imekwisha kupatikana, nayo ni maktaba za mtandaoni. Ni kweli kwamba Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada katika maktaba mtandao yake, navyo husomwa bila malipo. Ni kweli pia kwamba mradi wa African Storybook, ulioanzishwa Afrika Kusini mwaka 2014, unatoa hadithi nyingi za watoto kwa Kiswahili, ambazo mtu yeyote aweza kuzipakua, kuzichapa na kuzigawa. Hayo ni mambo ya kushukuriwa. Hata hivyo, kitabu ni bure lakini bando si bure, na simu iliyopo nyumbani ni ya baba, ambaye huondoka nayo alfajiri kwenda ziwani au sokoni. Isitoshe, mwanafunzi huyu amekatazwa mwaka mzima kuonekana na simu shuleni. Siku ya kufunga shule ndipo anapoambiwa akasome kwa simu!

Mwaka 2020 ulitoa funzo. Shule zilifungwa kuanzia Machi 17 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na za msingi hazikufunguliwa hadi Juni 29. Masomo yalitangazwa kwa redio na televisheni, na baadhi ya walimu wakatuma mazoezi kwa simu. Nyumba zenye vyombo hivyo zilifaidika. Nyumba zisizo navyo zilisubiri.

Yafaa kukumbuka pia kwamba taifa hili liliwahi kulikabili jambo la namna hii. Mwaka 1970 ulipotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, maelfu walijifunza kusoma chini ya miembe. Haikuchukua muda ikadhihirika kwamba mtu aliyejua kusoma juzi, asipopata cha kusoma, husahau. Ndiyo maana zikaanzishwa maktaba za vijijini, na huko Mwanza likachapishwa gazeti la Elimu Haina Mwisho. Hakuna aliyemwambia mkulima aende mjini kukitafuta kitabu; kitabu kilimfuata alipo.

Chombo cha kumfuata mtoto leo kipo. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 walikabidhiwa walimu baada ya kazi hiyo. Mwalimu aliye Kyela mjini siku ya mshahara, penye mtandao mzuri, aweza kupakua hadithi mia moja na kurudi nazo hadi Ikombe, kijiji cha Wakisi wafinyanzi wa vyungu, kinachofikiwa kwa mtumbwi kutoka Matema. Akishafika huko, hahitaji tena mtandao.

Itasemwa kwamba kishikwambi ni mali ya serikali, na kikivunjika mwalimu atalipa. Hofu hiyo ina msingi, na hakuna haja ya kuwapa watoto waende nacho nyumbani. Asubuhi mbili kwa juma zatosha, barazani pa shule, mwalimu mmoja akiwa na watoto ishirini, huyu akisoma kwa sauti na wenzake wakifuata. Siku zichaguliwe na wazazi wenyewe, kwa kuwa likizo ya Juni huangukia wakati wa mavuno ya mpunga, na mtoto aliyepelekwa shambani kuamia ndege hatakuja hata akiitwa na mkuu wa wilaya.

Linalobaki ni posho. Mwalimu yumo likizoni kwa haki yake, na kumtaka afanye kazi kwa maneno matamu ni kumwonea. Halmashauri hukusanya ushuru wa mazao, kakao na mpunga vikiwamo. Fungu dogo la ushuru huo laweza kuwekwa katika bajeti kwa ajili ya mwalimu mmoja kila shule. Maafisa elimu kata wanayo majina ya watahiniwa wa darasa la saba tangu waliposajiliwa, na wanajua kila kishikwambi kiko kwa nani. Mpango huo wapaswa kufika mbele ya madiwani kabla mtihani wa Septemba haujafanyika, si baada ya makabati kufungwa.