Hesabu ya Kibaba Kinachovuja

Wahenga walinena kwamba haba na haba hujaza kibaba. Sote tumelelewa na methali hii, wala sina nia ya kuitoa kasoro. Lakini kuna swali moja ambalo methali haikulijibu: je, kibaba chenyewe kikiwa kinavuja? Tena kikiwa kinavuja zaidi kila kinapozidi kujaa? Hapo haba na haba haitoshi tena. Yataka hesabu.

Hesabu yenyewe ipo, na vijana wetu wa sayansi na uhandisi huisoma wakiwa chuo kikuu. Wao huiita difrensho ikwesheni. Mimi kwa Kiswahili changu nitaiita milinganyo ya mabadiliko, kwani kazi yake ni kupima kitu kisichotulia: kinaongezeka kwa kasi gani, kinapungua kwa kasi gani, na baada ya muda kitafikia wapi. Walioiasisi katika karne ya 17 ni Newton wa Uingereza na Leibniz wa Ujerumani.

Nilipokuwa Nyamasaria, mashariki ya mji wa Kisumu kwenye barabara iendayo Ahero, nilizungumza na kijana mmoja wa uhandisi aliyepanga chumba huko. Nilimwuliza hesabu hiyo ni kitu gani. Alinisomea aina zake na hatua za kuifumbua moja baada ya moja, hakukosea hata moja. Nikamwuliza ni ya nini. Akanijibu, "Ya mtihani, mzee."

Ndugu msomaji, jibu hilo lilinikereketa, kwani tulikuwa hatua chache tu kutoka mto Nyamasaria. Mto huo masika yakikolea hufurika, maji yakaingia majumbani mwa watu, wakahama na watoto na magodoro yao. Na furiko ni nini ila mlinganyo wa mabadiliko? Maji yanakuja kwa kasi fulani kutoka juu. Chini ya daraja au ndani ya kalvati yanatoka kwa kasi nyingine, na kasi hiyo ya kutoka hutegemea kina cha maji yaliyokwisha kujikusanya. Yajayo yakizidi yatokayo, kina kinapanda. Mhandisi asiyejua kinapanda kwa kasi gani atachimba kalvati jembamba, na mwenye nyumba ndiye atakayelipa.

Tutoke mtoni twende ziwani, Nam Lolwe kama waitavyo Wajaluo. Ziwa hili lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 68,800. Maji yake mengi huletwa na mvua inyeshayo juu ya ziwa lenyewe, na mengi hurudi angani kwa jua. Mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, mto Nile pale Jinja. Zamani ziwa lilijitawala: likipanda, maji mengi zaidi yalitoka, likishuka, yalipungua. Hicho ndicho kibaba changu kinachovuja. Bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954, ilikubaliwa kwamba maji yaachiwe kwa kufuata mwendo ule ule wa asili, kima hiki kwa kiasi hiki. Lakini katika miaka iliyofikia 2006 maji yaliachiwa kupita kiasi kilichokubaliwa ili kupata umeme, na ukame nao ukawa umeingia. Ziwa likashuka hata fukwe na magati yakabaki mbali na maji.

Hesabu yake si ya kutisha. Maji yakitoka meta za ujazo 1,000 kwa kila sekunde, kwa mwaka mzima ni kama bilioni 31.5. Ukiyatandaza juu ya ziwa lote, unapata kama sentimita 46. Basi kila ziada inayoachiwa Jinja ina bei yake huku Winam, na bei hiyo yaweza kujulikana kabla ya kulipwa. Kisha mwaka 2020 mambo yakageuka: mvua zilizidi, na ziwa likapanda kupita kima cha juu kilichowekwa mwaka 1964. Waliojenga kwenye ukingo wakayaona.

Si maji peke yake. Ronald Ross, yule aliyeonyesha mwaka 1897 kwamba mbu ndiye mchukuzi wa vimelea vya malaria, baadaye aliuandika ugonjwa huo kwa milinganyo. Wapinzani wake walisema mbu hawawezi kumalizwa. Hesabu ikamjibia: si lazima wamalizwe, wakipunguzwa chini ya kiwango fulani, malaria itafifia yenyewe. Kwa watu wa Kisumu, waliozikwa na kuzika kwa malaria, neno hilo lina uzito.

Atatokea wa kuniambia: wewe mshairi, hesabu yakuhusu nini? Namjibu kwamba mlinganyo ni mizani, na mizani ni kazi yangu. Mwingine atasema wanafunzi hawana budi kuzihifadhi zile hatua. Kweli, wala mimi siitukani hifadhi. Chuoni kwetu tulihifadhi kwanza. Lakini mwalimu aliyehifadhisha hakuishia hapo. Alikaa akafasiri, akaeleza aya inamtaka mtu afanye nini. Hata al-Khwarizmi wa Baghdad, aliyetuachia jina la aljebra katika karne ya 9, sehemu kubwa ya kitabu chake aliiweka kwa masuala ya mirathi, ili wafiwa wagawane kwa haki. Elimu ilitoka kwenye haja ya watu ikarudi kwa watu. Hifadhi isiyo na tafsiri ni mzigo wa punda.

Rai yangu ni hii. Somo la kwanza la hesabu hiyo lifanyiwe darajani. Wanafunzi wasimike mti wenye alama, wasome kima cha maji kila saa, wachore mchoro, kisha wabishane kwa Kiswahili na kwa Kijaluo: yajayo ni kiasi gani, yatokayo ni kiasi gani? Wakishaupata mlinganyo kwa maneno yao wenyewe, ndipo waufumbue kwa hatua za kitabu, na kwa Kiingereza kama mtihani utakavyo. Na katika kila mtihani liwemo swali moja la mto au la ziwa lao.

Haitahitaji fedha nyingi. Mti, saa na daftari vinatosha. Walimu shime. Masika yatarudi Nyamasaria, na ingefaa yamkute pale kijana mmoja anayejua kuyahesabu.