Mtoto Hajizai

Ukikaa Tiwi muda wa kutosha utaulizwa: "Umeokoka?" Ukijibu ndiyo, swali la pili halichelewi: "Lini?" Hapo unatakiwa utoe tarehe, mahali, jina la mhubiri na orodha ya dhambi ulizoacha. Ushuhuda ukiwa mwepesi, watu wanatazamana. Ukiwa mzito, wa bangi, ulevi na majini ya baharini, unapewa maikrofoni.

Mimi ni Mkristo na sina ugomvi na ushuhuda. Ugomvi wangu ni kwamba kuokoka kumegeuzwa cheti, na wanaokilipia kwa uchungu zaidi ni wale wasio na kitu. Nasema wazi: makanisa mengi kwenye barabara hii ya Likoni hadi Lungalunga yameacha kuhubiri neema. Neno lenyewe bado lipo kwenye mabango, hata kwenye majina ya makanisa. Ukiingia ndani, unakuta bei.

Tuanze na huko kuzaliwa. Katika Injili ya Yohana, sura ya 3, Nikodemo anamwendea Yesu usiku. Ni mwalimu, kiongozi, mtu wa kuheshimiwa mjini, na anaambiwa lazima azaliwe upya. Neno la Kigiriki lililotumika pale, anothen, lina maana mbili: tena, na kutoka juu. Nikodemo akashika ile ya kwanza, akauliza mtu mzima atarudije tumboni. Sisi nasi tumezoea kusema "mara ya pili", tukabaki kuhesabu: mara ya kwanza, ya pili, na kwa waliorudi nyuma, ya tatu na ya nne. Ile maana ya kutoka juu tukaisahau, na ndiyo inayotuambia nani anafanya kazi.

Manake fikiria kuzaliwa kwenyewe. Yeyote aliyewahi kukaa nje ya wodi ya kina mama anajua kwamba uchungu ni wa mama. Mkunga naye ana kazi yake. Mtoto hakujaza fomu, hakufunga siku tatu, hata siku yenyewe hakuichagua. Anatoka analia, na anapokewa. Yesu angeweza kutumia mfano wa mtihani au wa mshahara, lakini alichagua tukio ambalo anayezaliwa hana mchango wowote wa kujivunia. Sisi tumempa mtoto uchungu wa mama, kisha tunamkaripia kwamba hasukumi vizuri.

Sasa lile neno neema. Tumelipata kutoka Kiarabu, na mtaani lina maana pana. Mwaka wa mvua nzuri ni mwaka wa neema. Nyumba isiyolala njaa ina neema. Ni neno tamu, ila lina mlango wa nyuma, na wahubiri wajanja wanaujua. Anaanza na neema ya Mungu iliyokufikia. Nusu saa baadaye neema imekuwa gari, ploti Ukunda, viza ya Ulaya. Na gari haliji hivi hivi, kwa hivyo panda mbegu. Namba ya paybill iko kwenye bango. Zawadi isiyolipiwa imewekewa bei, na usipoipata kosa ni lako: mbegu ilikuwa ndogo, au imani ilikuwa haba. Mimi chuo niliacha mwaka wa pili kwa sababu ya karo, kwa hivyo lugha ya salio naielewa. Lipa nusu uingie darasani, maliza yote ufanye mtihani. Sikutegemea kuikuta madhabahuni.

Jirani yangu mmoja ni mgema. Anapanda minazi asubuhi na jioni, na tembo analogema ndilo linalonunua unga na kulipa shule. Siku moja ya krusedi alikwenda mbele kuombewa. Akaambiwa aiache kazi hiyo kwanza, halafu arudi. Alirudi nyumbani, na hadi leo hajaenda tena. Dada zetu wanaofanya kazi kwenye baa za Diani wanaambiwa hivyo hivyo: acha, kisha uje. Lakini mwenye baa akileta fungu la kumi anakalishwa kiti cha mbele, na hakuna anayemuuliza ameokoka lini. Huo nauita uchumi wa wokovu. Wa chini analipa kabla ya kuhudumiwa, wa juu ana akaunti.

Na Pwani hii ina historia ambayo ingetuaibisha tukiisoma. Ludwig Krapf alifika Mombasa 1844, na 1846 akafungua misheni Rabai pamoja na Johannes Rebmann. Walihubiri miaka mingi wakapata karibu hakuna. Mtu wa kwanza waliyembatiza alikuwa Mringe, mlemavu, mgonjwa aliyekuwa anaelekea kufa. Hakuwa na fungu la kumi wala nguvu za kusafisha kanisa. Hakuishi kutoa ushuhuda wa mafanikio. Leo Mringe angeingia kanisani kwetu, angeambiwa tatizo lake ni imani.

Njoo karibu zaidi. Hili neno kuokoka, kwa namna tunavyolitumia Kenya, limebeba sauti ya uamsho wa Afrika Mashariki. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, alikutana Kampala na Joe Church, daktari Mwingereza. Miaka ya 1930 moto ukawaka Gahini, Rwanda, na 1937 ulikuwa umefika Kenya. Waganda waliwaita Balokole, waliookoka. Watu waliungama hadharani na kurudisha vitu walivyoiba. Wamisionari wazungu, waliozoea kuamuru, wakajikuta wakiungama mbele ya Waafrika, kwa sababu kama wote mmepokea bure hakuna wa kumtazama mwenzake kutoka juu. Baadaye masharti yakaota: mavazi, mapambo, na kwa kundi moja Uganda, Bazukufu, hata kukopa kukawa dalili ya roho mbaya. Kilichoanza kama zawadi kikawa ukaguzi.

Halafu ikaja Shakahola. Kuanzia Aprili 2023 zaidi ya miili 400 ilifukuliwa katika msitu ule wa Kilifi. Waendesha mashtaka wanasema wafuasi waliambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Mwaka 2024 Paul Mackenzie na wenzake walishtakiwa, yakiwemo mashtaka ya mauaji ya watoto 191, walikana. Kesi tuiachie mahakama. Mafundisho hatuwezi kuiachia mahakama.

Tulichofanya ni kujadili leseni. Rais aliunda jopokazi, watu wakabishana kuhusu usajili wa makanisa na vyeti vya wahubiri. Sawa, sheria ina kazi yake. Ila mapasta wetu walikimbilia kusema "yule si mwenzetu" na Jumapili iliyofuata wakaendelea na mbegu. Sisemi pasta wa paybill ni sawa na anayeshtakiwa kwa mauaji. Nasema hesabu inafanana. Ukimfundisha maskini miaka nenda miaka rudi kwamba Mungu ana bei, na kila wiki ukaipandisha, ipo siku atamaliza pesa, atamaliza shamba, atabaki na mwili wake na watoto wake. Mtu anayejua ameshapokelewa hana sababu ya kufa njaa ili apokelewe.

Najua majibu yanayokuja. La kwanza: ukisema neema ni bure, watu wataishi wanavyotaka. Nendeni mkamsome Zakayo. Yule mtoza ushuru aliahidi kurudisha mara nne alichodhulumu, tena mbele za watu. Lakini Yesu alikuwa ameshajialika nyumbani kwake kabla Zakayo hajatoa hata senti. Angemwambia alipe kwanza ndipo amtembelee, Zakayo angebaki juu ya mkuyu. Mtoto aliyezaliwa hukua, hutembea, huja kumsaidia mama yake. Hakuna mama anayemdai hayo kabla ya kumzaa.

La pili: hayo ya neema bure ni mambo ya Wazungu, Mwafrika anajua kutoa sadaka. Basi tusome. Aliyefundisha kwamba mtu anaweza kutimiza matakwa ya Mungu kwa juhudi zake mwenyewe alikuwa Pelagius, mtu wa Uingereza. Aliyempinga hadi mwisho alikuwa Augustino, mzaliwa wa Thagaste, Algeria ya leo. Maaskofu wa Afrika walikutana Karthago mwaka 418 wakayakataa mafundisho ya Pelagius. Kwa hivyo hii habari ya "jitahidi ndipo Mungu akukubali" Waafrika tuliijibu miaka 1,600 iliyopita.

Na kuna jambo moja la aibu. Majirani zetu wengi hapa Tiwi ni Waislamu. Katika hadithi zilizomo kwenye Bukhari na Muslim, Mtume aliwaambia maswahaba kwamba amali za mtu hazitamwingiza peponi, hata yeye mwenyewe, ila Mungu amfunike kwa rehema yake. Sidai kwamba dini zetu mbili zinafundisha kitu kimoja, hazifundishi. Lakini kijana wa madrasa anakaa barazani kwao jioni na spika zetu zimemwelekea yeye. Anachosikia kutoka kwa watu wa neema ni namba ya paybill, mara tatu, polepole, ili aandike. Tunamwita huyo aje apate nini?

Nina ombi moja kwa wachungaji wa huku, na halihitaji jopokazi. Chagueni Jumapili moja. Hubirini Yohana 3 yote, hadi Nikodemo aeleweke. Kisha msipitishe kapu, msitaje mbegu, msimwite mtu mbele kutoa tarehe. Fungeni kwa maombi, watu waende nyumbani. Na mtumeni mtu pale minazini akamwambie yule mgema kwamba anaweza kuja Jumapili hiyo akiwa na kibuyu chake mkononi, atapewa kiti.

Kodi ya jengo mtauliza italipwa na nini. Ni swali halali. Waulizeni waumini kama kodi ya jengo, kwa jina lake, na mtashangaa wangapi watatoa.