Sikiliza kompresa kabla ya kufungua difu

Msomaji, huenda unaijua ile barabara ya udongo mweusi ambayo hushinda kavu kutwa nzima, kisha mvua ya saa moja ikaigeuza sabuni. Bwana mmoja wa mtaani kwetu alikwama kwenye barabara ya aina hiyo msimu wa masika, akielekea Maasai Mara na mkewe, watoto wawili na mama mkwe. Gari lake lina difu ya kufunga kwa upepo. Alibonyeza swichi, taa ikawaka, akakanyaga mafuta. Gurudumu moja la nyuma likazunguka na kurusha matope hadi dirishani, lenzake likatulia tuli. Walivutwa na trekta saa mbili usiku, na sitasimulia mama mkwe alisema nini.

Taa hiyo ndiyo huwadanganya wengi. Hueleza tu kwamba umeme umefika kwenye swichi. Haikuambii kama upepo umefika kwenye difu.

Difu ya kawaida ina upole uliopita kiasi. Gurudumu moja likikosa mahali pa kushika, hilo ndilo huzunguka, na lile lililo kwenye udongo mgumu hubaki bila nguvu. Difu ya kufunga huyalazimisha yote mawili yazunguke pamoja. Wapenzi wa Rhino Charge, yale mashindano yaliyoanza 1989 kuchangia ua wa msitu wa Aberdare, wanaijua fika. Katika aina ya upepo, kama vile Air Locker ya kampuni ya ARB ya Australia, kompresa ndogo ya volti 12 husukuma upepo hadi kwenye valvu ya umeme, ile mafundi huita solenoidi. Ukibonyeza swichi ya difu valvu hufunguka, upepo ukapita kwenye paipu nyembamba ya plastiki chini ya gari, ukaingia ndani ya ekseli na kusukuma kifaa cha kufunga. Ukizima, upepo hutokea kwenye tundu la valvu, ‘psss!’, na difu ikalegea.

Sasa, upepo ukivuja njiani, difu haifungi, au hufunga na kufunguka katikati ya mtaro. Fundi wa haraka atakuambia difu ifunguliwe. Usikubali upesi. Kazi hiyo ni ya kung’oa ekseli za pembeni na kumwaga oili yote, nawe utailipia hata kama ugonjwa haukuwa humo. Kompresa yenyewe inaweza kukuambia upepo unatorokea wapi, mradi uipe robo saa ya kuisikiliza.

Egesha gari nje, mahali tambarare, vuta breki ya mkono, na uache injini inguruma ili betri isichoke. Washa kompresa lakini usiifunge difu. Itanguruma, ijae, inyamaze. Ikiwa baada ya dakika chache itaanza tena ilhali hujagusa chochote, uvujaji uko kati ya kompresa na valvu: nati iliyolegea, maungio yasiyozungushiwa tepu ya nyuzi, au valvu yenyewe. Ikinyamaza kabisa, ifunge difu. Italia kidogo, na hiyo ni haki yake kwa kuwa inajaza paipu. Ikirudia kulia tena na tena, basi upepo unapotea kuanzia kwenye valvu kwenda chini.

Hapo chukua maji yenye povu la sabuni ya kuoshea vyombo na brashi kuukuu, upake kila maungio na urefu wote wa paipu. Mapovu yatajitokeza penye tundu. Angalia hasa mahali paipu inapopita karibu na ekzosi, maana plastiki huyeyuka, na pale inapotoka kwenye fremu kwenda kwenye ekseli. Ekseli hupanda na kushuka, kwa hiyo paipu iliyokazwa kama waya wa kuanikia nguo itakatika siku moja. Ncha nayo lazima ikatwe kwa wembe mkali na iwe sawasawa, kwani iliyokatwa kimshazari huvuja hata ikiwa mpya. Na tafadhali, usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, wala usifungue nati yoyote kabla ya kuzima kompresa na kuutoa upepo.

Ukikosa mapovu popote, mwambie fundi aichomoe paipu pale kwenye ekseli na kuiziba ncha yake, kisha kompresa iwashwe na difu ifungwe tena. Ikitulia sasa, basi ni kweli, ugonjwa uko ndani: mara nyingi ni zile oringi, pete ndogo za mpira zinazozuia upepo mahali unapoingia kwenye difu inayozunguka. Dalili nyingine ni oili ya gia kurushwa kwenye tundu la valvu kila unapoifungua difu, au upepo kutoka mfululizo kwenye tundu la kupumulia la ekseli. Tundu hilo likiwa limezibwa na matope, upepo utajaa ndani na kuisukuma oili ipite kwenye sili, wakati mwingine hadi kwenye breki. Gari la namna hiyo halifai safari.

Kwa bwana wetu, kompresa ilinyamaza vizuri mpaka difu ilipofungwa. Paipu ilikuwa imelala juu ya ekzosi, ikayeyuka tundu la ukubwa wa punje ya mtama. Alikuwa amekwisha kumlipa fundi mmoja aifungue difu nzima, na oringi alizotoa humo zilikuwa nzima. Paipu mpya ilipitishwa upande wa pili wa fremu na kufungwa kwa vibanio, kazi iliyokwisha kabla ya chai ya saa nne.