Motari wa Masisi asiuziwe wati za lami

Wauzaji wa pikipiki na vigari vya umeme wana neno moja kinywani: wati. Mnunuzi anaonyeshwa namba iliyoandikwa kwenye moteri, anaambiwa kwamba shida ya esansi imekwisha, analipa. Kigali, ambako kampuni ya Ampersand inaendesha pikipiki za umeme na kubadilisha betri kwenye vituo, mambo yanakwenda. Kigali nayo ina milima, ni kweli, lakini ni milima yenye lami. Njia ya Sake kwenda Masisi ni jambo lingine, na udongo wa Walikale wakati wa mvua ni jambo lingine kabisa.

Hesabu iko wazi. Chukua kigari cha magurudumu matatu chenye uzito wa kilo 400, dereva na magunia ya viazi ndani yake. Kwenye mpando wa mita 10 kwa kila mita 100, juu ya udongo laini, kwa mwendo wa kilomita 10 tu kwa saa, magurudumu yanadai karibu wati 1,600. Moteri ya wati 1,000 itazitoa kwa dakika chache, kisha itachemka. Tena joto lake halipandi polepole: ampere zikiongezeka mara mbili, joto kwenye nyaya za shaba linakuwa mara nne. Moteri ya sumaku ikichemka kupita kiasi, sumaku zinapoteza nguvu, na kuiacha ipoe hakuzirudishi.

Halafu kuna kontrolere, kile kisanduku kinachopimia moteri umeme kutoka kwenye betri. Hapo ndipo mnunuzi anaibiwa bila kujua. Betri ya volti 48 na kontrolere ya ampere 30 hazipitishi zaidi ya wati 1,440, hata moteri ikiwa imeandikwa 3,000. Ni sawa na kununua tanki kubwa na kulifungia bomba jembamba.

Kila motari anajua kwa nini pikipiki ndogo ya esansi inapanda milima ya Masisi ikiwa na watu watatu: ina vitesi la kwanza. Moteri ya umeme iliyowekwa ndani ya gurudumu haina vitesi. Mlimani inazunguka polepole, inakunywa ampere nyingi, na sehemu kubwa ya umeme inageuka joto. Kwa njia hizi, moteri inayofaa ni ile iliyokaa katikati ya chombo, inayovuta gurudumu kwa mnyororo au gia za kupunguza mwendo na kuongeza nguvu.

Hata wenye vigari vya gofu, wanaotembea juu ya majani yaliyokatwa, walijifunza hilo. Kwa miaka mingi walitumia moteri za brashi: zinavuta vizuri toka kusimama, lakini brashi zinaisha. Leo vigari vingi vipya vina moteri ya AC isiyo na brashi, na kontrolere yake inashikilia mwendo kwenye mteremko na kurudisha umeme kidogo kwenye betri. Kwa anayeshuka na mzigo kutoka milima inayopita mita 2,000, hiyo si anasa. Ila breki za kawaida lazima zibaki, maana betri iliyojaa haipokei umeme tena.

Watasema vyombo vyenye nguvu ni ghali. Ni kweli. Lakini nani analipa chombo rahisi kikiungua? Si muuzaji. Ni motari mwenye deni, anayetafuta kisanduku kipya Goma wakati barabara imefungwa. Ni mama mjamzito aliyekuwa nyuma yake akipelekwa hospitalini. Kukwama mlimani giza likiingia, katika eneo la vita, si hasara ya pesa tu.

Basi vyama vya wamotari, na mashirika yanayotaka kugawa vyombo hivi, wadai mambo manne kabla ya kutoa dola hata moja. Wati za kudumu ziandikwe mbali na wati za kilele, pamoja na ampere za kudumu za kontrolere. Kontrolere na viungo vya nyaya viwe vimefungwa dhidi ya maji, kwa alama ya IP67. Kontrolere itengane na moteri, ili fundi wa Kitchanga au wa Walikale aweze kuibadilisha bila kutupa vyote viwili. Na chombo kijaribiwe mlimani kikiwa na mzigo kamili, kianze kutoka kusimama, kipande dakika 20 bila kupumzika.

Bisie, katika Walikale, inatoa kasiterite, na kasiterite ndiyo inatoa bati la kuunganishia vifaa vya elektroniki duniani. Watu ambao ardhi yao inatoa madini hayo hawastahili kurudishiwa kisanduku kinachoungua kwenye mpando wa kwanza. Muuzaji akikataa jaribio la dakika 20, arudi na mali yake.