Danganya toto ya mpakani: Chumvi kwa mtoto, ushuru kwa serikali

Hivi jamani, tumelogwa na nani? Nenda leo jioni Sogea, Majengo au Maporomoko, simama mbele ya duka lolote dakika kumi tu. Utamwona kijana anashuka kwenye bodaboda, suruali imejaa vumbi la foleni ya malori, mfukoni noti za shilingi na za kwacha zimechanganyika. Siku haikuwa mbaya. Anatoa mia tatu, anachukua pakiti ya krips, au zile bisi za njano zinazoacha unga vidoleni, anaondoka akipiga mluzi. Anampelekea mwanawe. Na mwanawe huyo ana miezi tisa!

Akifika mlangoni mtoto anarusha miguu, mama anacheka, jirani anasema huyu mtoto anampenda baba yake kweli. Kinachopendwa pale ni chumvi, ndugu yangu. Usijidanganye.

Miaka ile magazeti yalipotaka kusema kwamba wakubwa wanawahadaa wananchi, yaliandika "danganya toto". Tulidhani ni msemo tu. Leo hapa Tunduma tumeufanya mlo.

Tuanze na hesabu, maana kijana wa mpakani kwa hesabu hachezewi. Anabadili kwacha kuwa shilingi kichwani, bila karatasi, huku anabishana na dereva wa lori. Lakini pakiti anayompa mwanawe hajawahi kuigeuza asome nyuma. Igeuze leo. Utaona maandishi madogo kama miguu ya sisimizi, na katikati yake neno sodiamu. Hiyo ndiyo sehemu ya chumvi yenye matata. Zidisha kwa 2.5 upate chumvi yenyewe. Tuseme imeandikwa miligramu 800 kwa kila gramu 100, kiwango ambacho si kigeni kwa vitu hivi, na pakiti yako ni ya gramu 25. Mtoto akiimaliza amemeza sodiamu miligramu 200, yaani nusu gramu ya chumvi.

Utasema: nusu gramu! Unanitisha na nusu gramu? Sikiliza basi. Shirika la Afya Duniani linamwambia mtu mzima, wewe mwenye kilo 65 unayebeba magunia, ubaki chini ya gramu 5 kwa siku. Uingereza wanawaambia wazazi kwamba mtoto ambaye hajatimiza mwaka asifikishe gramu 1 kwa siku nzima, pamoja na ile iliyomo kwenye maziwa na chakula chake chote. Sasa huyo wa kilo 8 umempa nusu ya posho yake ya siku kabla hajaonja mboga ya mama yake. Analia, unamwongezea pakiti ya pili. Posho imekwisha, na saa ni nne asubuhi.

Figo za mtoto huyo bado changa, hazijapata nguvu ya kutoa chumvi ya ziada kama zako. Sisemi pakiti moja itamwua. Tusitiane hofu kwa uongo, kazi hiyo tuwaachie wenye majukwaa. Krips siyo sumu ya panya. Ubaya wake unakwenda polepole, na ndiyo maana unapita mbele ya macho yetu wote bila kushikwa.

Waholanzi walilifanyia jambo hili majaribio. Mwaka 1980 walichukua watoto wachanga 476 wakawagawa mafungu mawili: fungu moja likapewa chakula chenye chumvi ya kawaida, jingine likapewa chenye chumvi kidogo, kwa miezi 6 tu ya mwanzo. Baada ya miaka 15 wakawatafuta, wakawapata 167. Wale waliolishwa chumvi kidogo utotoni walikuwa na shinikizo la damu la chini kuliko wenzao. Miezi 6 tu, bwana, na mwili ulikuwa bado unakumbuka! Sasa weka hilo kando ya uchunguzi uliofanyika Tanzania mwaka 2012, ambao ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu la damu. Wengi walikuwa hawajijui. Mjomba anaanguka bafuni, tunakwenda kutafuta mchawi Ileje.

Halafu kuna ulimi. Mtoto hazaliwi anadai krips. Anafundishwa. Mwenye miezi tisa anajifunza ladha kama anavyojifunza maneno, na ukimpa chumvi na viungo vya kiwandani kila siku, uji wa mama yake unakuwa maji machafu mdomoni mwake. Anautema. Mama anasema mtoto hana hamu ya kula, bibi anasema ametupiwa jicho, wewe baba unasema ngoja nimpe kile anachokipenda. Unarudi dukani. Mwenye kiwanda wala hahitaji kukutangazia, umekuwa wakala wake bila mshahara.

Na hapo ndipo jambo lenyewe lilipo, vijana wenzangu. Chumvi ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni nafasi. Tumbo la mtoto wa kilo 8 linapokea kama robo lita kwa mlo mmoja, kikombe kimoja cha chai basi. Kikombe hicho ndicho kiwanja chake. Ukikijaza bisi za njano, yai litajenga wapi? Maharage yatakaa wapi? Mtoto ameshiba kweli, hujakosea kuona. Ameshiba unga wa mahindi uliopulizwa hewa, mafuta na chumvi. Damu yake inasubiri madini ya chuma, mifupa inasubiri, ubongo unasubiri, na hakuna kilicholetwa.

Haya yangekuwa ya kucheka kama tungekuwa tunaishi jangwani. Sisi ni watu wa Songwe! Mkoa uliokatwa kutoka Mbeya mwaka 2016, wakatuambia tumepata mkoa wa neema. Neema ipo, sikatai. Mbozi kuna mahindi, maharage, maparachichi, kahawa. Ileje kuna ndizi na maharage. Kamsamba kuna mpunga, na samaki wa Ziwa Rukwa. Malori yanapita hapa yamebeba chakula chetu kwenda kulisha miji ya watu. Na bado utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulipokuta kwamba watoto 30 kati ya kila 100 nchini, wale wa chini ya miaka mitano, wamedumaa, Songwe ilikuwa juu ya wastani huo. Mkulima wa maharage, mtoto mfupi! Ama kweli aliye kando ya mto hunawa kwa mate.

Najua mtakachosema kijiweni. "Mbona sisi tulikula na tumekua?" Mlikula nini? Mlipokuwa na miezi tisa mlikula uji, viazi vya kupondwa na mchuzi wa maharage. Pakiti mlizijua mkiwa na akili za kwenda dukani wenyewe. Mwingine atasema bibi zetu walitia chumvi kwenye chakula cha watoto. Walitia, tena kidogo, na wengine hawakuwa nayo ya kutia. Nisieleweke vibaya: chumvi ya jikoni yenye madini joto ina heshima yake. Nyanda hizi za Juu Kusini zilisumbuliwa mno na rovu, hadi miaka ya 1980 watu wakagawiwa vidonge vya mafuta yenye madini joto. Mama anayenyonyesha aendelee kupika kwa chumvi hiyo, kwa kiasi, na mtoto atapata sehemu yake kwenye ziwa. Hilo halina uhusiano wowote na wewe kumwagia mtoto pakiti.

"Maisha magumu, yai bei yake juu." Hapo nakupa mkono, maisha ni magumu. Lakini mia tatu kila siku kwa wiki ni 2,100. Nenda nayo sokoni uone karanga, uone dagaa. Karanga zisagwe zitiwe kwenye uji. Dagaa wasio na chumvi wasagwe, kijiko kimoja kwenye viazi. Parachichi lipondwe kwa uma, halitaki hata mkaa. Na tafadhali, karanga nzima na bisi asipewe mtoto mdogo hata kama hazina chumvi; zinaziba njia ya hewa, na mtoto anayepaliwa hasubiri bodaboda ifike zahanati. Aliye chini ya miezi 6 hahitaji kitu zaidi ya ziwa la mama yake, hata maji.

Haya, wewe baba nimeshakusema. Sasa niwageukie wenye nchi, maana kumlaumu mlalahoi peke yake ni kazi rahisi mno, na wao wanaipenda sana.

Mwaka 2017 wakuu wa mikoa waliketi wakasaini mkataba wa lishe mbele ya Makamu wa Rais wa wakati huo, Samia Suluhu Hassan. Halmashauri zikatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Soma tena: shilingi 1,000, kwa mwaka. Gawa kwa siku 365, haifiki hata shilingi 3. Kijana wa bodaboda, kwa mia tatu zake za krips, anaipita halmashauri kwa siku nne tu! Yaani katika nchi hii mwenye pakiti anatumia nguvu nyingi kumlisha mtoto wako vibaya kuliko serikali inavyotumia kumlisha vizuri. Semina hapo, posho hapo, fulana zenye maandishi ya lishe hapo. Mtoto wa Maporomoko hali fulana.

Mwaka 2019 ukaleta mengi. Udhibiti wa chakula ukaondolewa TFDA ukapelekwa TBS. Mwaka huohuo, Oktoba, marais wawili, Magufuli na Lungu, wakafungua kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde, kwa mbwembwe, ili mizigo ipite haraka. Imepita haraka kweli. Pakiti za viwanda vya kwetu na za ng'ambo zinakutana mjini, ushuru unakatwa kwa zile zinazopita mlangoni, zile za njia za panya tunajuana. Mimi nauliza TBS jambo moja tu, wala sina ugomvi nao: sodiamu ngapi mmeamua kwamba inatosha kwenye kitafunwa anachokula mtoto wa Kitanzania? Na kwa nini onyo lake haliko mbele ya pakiti, kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo bibi anaziona?

Msiseme haiwezekani. Afrika Kusini, hapo hapo chini ya Zambia na Zimbabwe, walitia saini kanuni mwaka 2013 na zikaanza kubana mwaka 2016: kitafunwa cha chumvi kisizidi sodiamu miligramu 800 kwa gramu 100, halafu mwaka 2019 wakashusha hadi 700. Viwanda vilipiga kelele, kisha vikatii. Chile mwaka 2016 waliweka alama nyeusi mbele ya pakiti yenye chumvi nyingi, wakaondoa na vikatuni vinavyovuta watoto. Mexico wakafuata mwaka 2020. Na sisi wenyewe siyo wageni wa mambo haya. Mwaka 1994 Tanzania iliweka kanuni za kuwazuia wenye maziwa ya kopo wasiwahadae akina mama wakaacha kunyonyesha. Tuliweza kumbana mwenye kopo, tunashindwaje na mwenye pakiti? Au tatizo ni kwamba yule wa kopo anamlenga mtoto wa kila mtu, na huyu wa pakiti anaonekana dukani kwa walalahoi tu, wakati watoto wa vigogo wanapimiwa chakula na watu wa lishe?

Kuna ya kufanya bila kusubiri Dodoma. Kijiwe kimoja cha bodaboda kinaweza kukubaliana kwamba zawadi ya mtoto kuanzia leo ni parachichi au yai, na atakayeonekana na pakiti kwa mtoto wa chini ya miaka miwili anawanunulia wenzake chai. Mwenye duka si adui, anauza kinachonunuliwa. Akiona mayai yanakwenda atajaza mayai. Kina dada wanaouza uji asubuhi stendi wanaweza kutia karanga za kusagwa, mteja wao wa kwanza awe baba mwenye mtoto.

Na kikao cha bajeti cha madiwani hakifanyiki msituni, kinafanyika hapahapa mjini. Nendeni. Kaeni nyuma, nyamazeni, subirini mtu wa halmashauri asome kifungu cha lishe. Kisha mmoja wenu amwulize diwani wake nje ya ukumbi: ile shilingi elfu moja ya mtoto wa Sogea ya mwaka jana, ilinunua nini?